Magoti ya Mama na Reli ya Msitu Mweusi

Marehemu baba alikuwa fundi wa reli Tanga. Reli ile Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893, kwa jasho la watu wetu, na baba aliitumikia mpaka anastaafu bila kuiona nchi yao. Kwa hiyo dada yangu anayeishi Bonn, Ujerumani, alipotualika Mei 2025, mama hakuuliza habari za maduka. Alisema tu, "Mwanangu, mimi nipandishe treni."

Mama ana miaka sabini na miwili na magoti yanamsumbua. Magoti hayo ndiyo yaliyopanga safari nzima. Treni za mwendo kasi, zile ICE, niliziacha. Nilitaka aone, si afike. Tukachukua Deutschlandticket, iliyokuwa euro 58 wakati huo (tangu Januari 2026 ni 63). Kwa tiketi hiyo unapanda treni zote za mikoa, mabasi na tramu nchi nzima kwa mwezi mmoja, daraja la pili. Lakini ni ya kujiandikisha: usipoifuta kufikia tarehe 10, mwezi unaofuata unakatwa tena. Dada aliweka kengele kwenye simu yake.

Kazi ilikuwa kuunganisha treni. Programu ya simu inaweza kukupa dakika sita za kushuka, kutafuta lifti, kuvuka chini ya reli na kupanda upande wa pili. Kijana ataweza. Nilikataa kila pendekezo lililokuwa chini ya nusu saa, kisha nikamwandikia mama ratiba kwa mkono kwa saa zetu: 10.15 ikawa saa nne na robo. Karatasi ile aliikunja akaitia kwenye mkoba pamoja na dawa zake.

Kutoka Bonn tulipanda treni ya RB26, inayokwenda Mainz ikifuata ukingo wa magharibi wa mto Rhein. Kaa kushoto. Nasisitiza, kwa sababu kulia utaona kuta za mawe na migongo ya nyumba. Kuanzia Koblenz kwenda kusini bonde linabana, mizabibu inapanda miteremko mikali, na ngome zinafuatana juu ya vilima. Kuna kama 40 katika kilomita 65. Tuliliona jabali la Loreley ng'ambo ya mto, kimo chake mita 132. Karibu na Kaub, katikati ya maji kabisa, imesimama ngome nyeupe ya karne ya 14, iliyojengwa ili kutoza ushuru wa mashua. Mama aliitazama mpaka ikapotea. "Hata mto waliutoza," akasema.

Tulilala Bacharach, mji mdogo wa nyumba za mbao na udongo. Asubuhi mama alisoma kibao barabarani, *Schule*, akanishika mkono. Alilijua neno hilo tangu utotoni bila kujua lilikotoka.

Siku iliyofuata treni ilichelewa dakika 25 kabla ya Mainz. Abiria wenzetu walikimbia na masanduku. Sisi tulikuwa na dakika 40, tukatembea taratibu.

Karlsruhe tukabadilisha tena, tukaingia treni ya kwenda Konstanz, mji ulio kando ya ziwa, na hapo ndipo safari ilipomgusa mama. Reli ya Msitu Mweusi, ile milima yenye misitu kusini-magharibi mwa Ujerumani, ilikamilika 1873, kazi ya mhandisi Robert Gerwig. Kati ya Hornberg na kilele cha Sommerau ni kilomita 11 ukipima moja kwa moja, lakini reli inazunguka kilomita 26, ili treni ipande mlima kidogo kidogo bila kuhitaji reli yenye meno ya kushikia. Inajikunja bondeni, inaingia handaki, inatokea juu, na ukitazama chini unaiona reli uliyotoka kuipita. Mama alihesabu mahandaki kwa vidole, akapotea baada ya ishirini. Alinieleza, kama baba alivyomweleza miaka mingi nyuma, kwa nini treni haipendi mlima.

Konstanz ziwa lilikuwa limetulia, na upepo wa baridi ukivuma. Nilimvalisha koti nikamwonyesha milima ya Uswisi. Aliitazama kidogo, kisha akafungua mkoba, akatoa ile karatasi.

"Ya kurudi ni saa ngapi? Mara hii nikae upande ule mwingine."