Usiku niliomuua kapteni wangu
Hii ilitokea kwenye gemu lakini mpaka leo nikiikumbuka roho inaniuma. Tulikua watu sita, tunaigiza Waklingoni, wale wapiganaji wa Star Trek, kila mtu na mhusika wake, tunaandikiana usiku na mapigano yanaamuliwa kwa kete. Mimi nilikua afisa wa kwanza, yaani msaidizi wa kapteni. Kapteni ndo alietunga ile meli, koo zetu, viapo, kila kitu.

Kwa Waklingoni msaidizi akiona mkubwa wake ameingia woga anamtaka wapigane, na hapo hakuna anaemuita muasi, ni wajibu wake. Sasa kapteni wetu alirudisha meli nyuma mara tatu mfululizo. Sababu zilikuepo, majeruhi kibao, ngao za meli zimeisha, mimi nilikua naziona kabisa. Ila wenzangu wakawa wananifuata pembeni, we ndo unatakiwa, unangoja nini, na mimi badala ya kuwaambia kwamba huyu mtu anatuokoa nikaanza kunogewa.

Nikamwita mwoga mbele ya wote. Hakujitetea hata kidogo, aliandika tu "chukua bat'leth yako", ule upanga wao uliopinda wa kushika kwa mikono miwili. Tukarusha kete, akanijeruhi mara mbili, alafu nikammaliza.

Mpiganaji akifa wenzake wanamfumbua macho, wanamtazama, alafu wanapiga ukelele kuangalia juu kuwaonya wafu kwamba shujaa anakuja. Mimi ndo nilitakiwa nianze. Sikupiga, na kwa kua sikupiga hakuna aliepiga, nilikua nishaanza kugawa vyeo.

Kinachoniumiza ni kwamba Worf, yule Mklingoni wa kwenye Star Trek yenyewe, nilikua namjua vizuri. Kwenye Deep Space Nine, moja ya tamthilia za Star Trek, kipindi cha 1999, alimuua Gowron, mkuu wa Waklingoni wote, kwa sababu huyo Gowron alikua anapoteza wapiganaji ovyo kwa wivu wake kwa jenerali Martok, na ukuu ulipomwangukia yeye hakuutaka, lile joho akamvisha Martok palepale. Yeye alimtoa kiongozi aliekua anamaliza watu, mimi nimemtoa aliekua anawalinda, na kiti nikakikalia.

Siku tisa kapteni hakuandika kitu. Ya kumi akarudi na mhusika mpya, askari wa chini kabisa, wa kulinda mlango, akaandika: "Nipo tayari kwa amri yako, kapteni."

Nilikaa na simu mkononi mpaka ikazima, sijaandika hata neno.