Siku moja kwenye mashine ya kukoboa mpunga, Igurusi, Mbeya

Saa 12 asubuhi tunafagia, tunapaka grisi beringi, tunakaza mikanda na kukagua rola za mpira. Rola hizo mbili huzunguka kwa kasi tofauti, ndiyo maana zinamenya punje bila kuisaga. Mwanya kati yake uwe mdogo kidogo kuliko unene wa punje. Ukibana mno rola zinapata moto, zinalika upesi, na mchele unakatika.

Saa 2 mpaka saa 5 ni kukoboa tu.

Saa 6 mchana anafika mteja mgumu, mama mmoja. Mpunga kauvuna juzi, lori la Dar linamngoja barabarani. Nauma punje: inabonyea. Iliyokauka inakatika kwa mlio.

"Mama, huu bado mbichi."

"Wewe koboa tu, mwanangu."

Hapo inatoka chupa ya kioo, kipimo chetu cha unyevu. Iwe kavu, na chumvi iwe kavu. Tia mpunga theluthi ya chupa na chumvi kidogo, tikisa vizuri, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15, na mashine inataka 14. Mpunga mbichi unapondeka, pumba zinaziba chujio, mchele unaota ukungu ndani ya gunia. Kuukausha kwa pupa nako hakusaidii, maana punje inapasuka ndani na kutoka chenga. Anika kwa unene wa sentimita 3 hadi 5, geuza kila nusu saa, funika jua linapokuwa kali sana, na jioni ukusanye kabla ya umande.

Mama anakasirika, na ana haki. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 22, zikishuka hadi 14, zinabaki kama 91. Mnunuzi shambani analipa bei ileile kwa mbichi na kwa mkavu, kwa hiyo aliyehangaika kuanika ndiye anayepoteza kilo 9. Kila siku nasikia uchumi utafufuliwa kwa mikopo na viwanda vipya. Sawa, vije. Lakini kiwanda kitakacholetewa mpunga huu kitatoa chenga zilezile, na chenga bei yake ni ya chini popote.

Mchana umeme unakatika mashine ikiwa imejaa. Huwezi kuiwasha hivyohivyo, mota itaungua. Unafungua, unachota kwa mikono kuanzia hopa, yaani mdomo wa kumiminia mpunga, hadi kwenye rola, vumbi la pumba linawasha shingo na macho, wateja wanauliza zamu yao. Umeme ukirudi kiza kimeingia na foleni iko palepale. Kazi hii inachosha, lakini mchele mzima ukishuka mweupe, nafurahi kweli.

Ninachotaka ni bei inayofuata unyevu. Kila chama cha ushirika kiwe na kipimo cha unyevu kando ya mzani, mkulima asomewe namba yake kabla ya kulipwa, na mpunga wa asilimia 14 upate nyongeza inayozidi zile kilo 9. Vijiji vipate sakafu za zege za kuanikia, maana turubai ni ghali na wengi wanaanika kandokando ya lami. Ushuru wa mazao unaokusanywa hapahapa ujenge sakafu hizo kwanza.