Andrew Mynarski na shahidi wake

Katika kisiwa cha Chapwani, mkabala na Mji Mkongwe, wamezikwa mabaharia wa Kiingereza wa manowari Pegasus, iliyopigwa mizinga na Wajerumani wa Königsberg hapa Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Kila nifikapo pale hujiuliza nani aliyewaona watu hawa katika dakika zao za mwisho. Suali hilo ndilo lililonifikisha kwa kijana wa vita vilivyofuata, Mkanada Andrew Mynarski.

Alizaliwa Winnipeg mwaka 1916, mtoto wa wahamiaji kutoka Poland. Baba yake alifariki yeye akiwa bado kijana mdogo, akashika kazi ya ngozi ili kuisaidia familia, na mwaka 1941 akajiunga na jeshi la anga la Kanada. Alipangiwa bunduki ya juu ya mgongo wa ndege ya mabomu aina ya Lancaster, katika kikosi nambari 419 kilichokuwa na kambi yake Middleton St George, kaskazini mwa Uingereza.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Juni 1944, siku chache baada ya majeshi ya washirika kushuka Normandy, ndege yao ilikuwa njiani kwenda kupiga njia za reli za Cambrai, Ufaransa, iliposhambuliwa na ndege ya Kijerumani. Injini mbili za kushoto zilizimika, moto ukashika, na rubani akaamuru watu wote waruke. Mynarski alikuwa anaelekea mlangoni alipomwona rafiki yake Pat Brophy, mshika bunduki wa nyuma, amenasa mkiani. Mshika bunduki wa nyuma hukaa peke yake ndani ya kibanda cha vioo, na hawezi kutoka mpaka kibanda kizungushwe kielekee mlango wake. Usiku ule mtambo wa kukizungusha ulikuwa umekufa, na mkono wa kukizungushia ukamkatikia Brophy mkononi.

Mynarski alitambaa ndani ya moto, akakipiga kibanda kwa shoka, kisha akakivuta kwa mikono mitupu, nguo zake zikiwaka kuanzia kiunoni kwenda chini, hadi Brophy mwenyewe akamwashiria aende zake. Alirudi kinyumenyume, na alipofika mlangoni alisimama wima, akampigia saluti rafiki yake, ndipo akaruka, na mwavuli wake nao unawaka. Wafaransa walimkuta angali hai, lakini majeraha ya moto yalimuua muda mfupi baadaye. Alikuwa na umri wa miaka 27, na amezikwa Méharicourt.

Ndege ilianguka ikiwa bado na mabomu yake, na Brophy, aliyekwisha kujihesabu maiti, alirushwa nje akasalimika. Wafaransa walimficha mpaka akarejea Uingereza mwezi wa Septemba, na huko ndiko alikopata habari kwamba Mynarski amefariki. Hakuna mwengine aliyeiona saluti ile. Kwa ushahidi wa Brophy, Mynarski alitunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, mwaka 1946. Leo ipo skuli yenye jina lake Winnipeg, na Lancaster inayoruka hadi sasa kutoka Hamilton, Ontario, imeandikwa herufi za ndege yake.

Wapo watakaosema kwamba jitihada yake haikufaa kitu, maana kibanda hakikufunguka. Mimi sikubaliani nao hata kidogo, na naamini Brophy, aliyeyatumia maisha yake yaliyobakia kumsimulia mwenzake, asingekubaliana nao pia.