Siku Moja Maishani Mwangu: Asubuhi Trela, Alasiri Majina ya Ufunguzi

Saa mbili asubuhi nimeshafungua mradi katika chumba chetu cha uhariri Sinza, kabla joto halijapanda na kompyuta haijaanza kusuasua. Filamu ni ya ndugu wawili wanaogombea duka la marehemu baba yao Kariakoo, na ninachodaiwa kwanza ni trela, yaani tangazo la filamu, la dakika 2.

Trela huzungumza na mtu ambaye bado hajatoa fedha yake, na ambaye huenda anaitazama kwenye simu ndani ya daladala, sauti ikiwa imezimwa. Kwa sababu hiyo najiruhusu mambo ambayo ndani ya filamu yenyewe nisingethubutu kuyafanya. Maneno ya kaka mtu, "Funguo za duka hili hazitoki mkononi mwangu," aliyomjibu wakili karibu na mwisho, nayaweka juu ya uso wa dada yake anayelia msibani, na papo hapo unazuka ugomvi ambao kwenye filamu haukutokea kwa namna hiyo. Muziki nao ni wa kuazima, kwa kuwa mtunzi hajamaliza wa kwetu. Hata Hollywood trela nyingi hukatwa kabla filamu haijakamilika, tena mara nyingi na kampuni nyingine kabisa.

Saa sita mchana prodyuza anaingia na kutazama.

"Mdogo wangu, mbona duka halijaungua? Weka ule moto."

"Dada, tukiuonesha moto, mwenye tiketi atakaa kusubiri nini?"

Tunakubaliana kuweka moshi tu.

Saa nane nahamia kwenye majina ya ufunguzi, yale ya waigizaji na watengenezaji yanayopita filamu inapoanza, na hapa ndipo ninapoipenda kazi hii. Mtazamaji ameshalipa, ameshaketi, taa zimezimwa. Hahitaji kushawishiwa, bali kutolewa kwenye foleni ya Morogoro Road aliyotoka nayo kichwani na kuingizwa dukani. Mwaka 1955 msanifu wa michoro Saul Bass alifungua The Man with the Golden Arm, filamu ya mtu aliyetekwa na heroini, kwa vipande vyeupe vinavyopita kwenye weusi hadi vikawa mkono uliopinda, bila kuonesha sura ya mwigizaji hata mmoja. Mimi nina picha ya mikono ikifungua makufuli alfajiri. Kwenye trela kufuli lilipita kwa nusu sekunde, likawa tishio. Hapa nalipatia sekunde 6, kufuli moja kwa jina moja, muda wa kulisoma jina mara mbili bila haraka.

Saa kumi simu zinaanza, kwani kila mwigizaji anataka kutangulia. Marekani ugomvi wa aina hii una kanuni: mtayarishaji George Lucas alipoliweka jina la mwongozaji Irvin Kershner mwishoni mwa The Empire Strikes Back ya 1980, chama cha waongozaji kilimtoza faini, akalipa na kujitoa chamani. Sisi tumetumia alfabeti, na aliyenuna amenuna.

Saa mbili usiku natuma trela nzima, pamoja na ya nusu dakika yenye maandishi kwa ajili ya status za WhatsApp. Prodyuza anataka majina yapunguzwe. Nimemwomba tupunguze badala yake ile picha ya droni juu ya Daraja la Kigamboni inayofuata, ambayo siku hizi karibu kila filamu ya Dar inayo, naye ameridhia sekunde 10.