Kuomba Kutajwa Katika Wosia Bila Kumhesabia Mtu Siku

Kipeperushi chetu cha kwanza kuhusu wosia kilikuwa na picha ya jua likizama, na chini yake maneno: "Ukiondoka, tukumbuke." Tulichapisha nakala mia tano, tukazigawa kwa wafadhili wa zahanati ya macho ninayoichangishia fedha hapa Mombasa, kisha tukakaa kungoja simu. Hakuna aliyepiga. Aliyekuja ni mzee mmoja ambaye kwa miaka mingi alikuwa akituletea mchango wake wa Ramadhani kwa mkono wake mwenyewe, alikiweka kile kipeperushi mezani, akakinyoosha kwa kiganja, akaniuliza kwa upole ulioniumiza kuliko ukali: "Mwanangu, kwani mnaningoja nife?"

Nimelirudia swali hilo mara nyingi, na ninaamini kwamba kosa letu lilikuwa la lugha kabla ya kuwa la mbinu. Tulichukua msamiati wa semina za uchangishaji tukasahau kwamba neno wosia kwa Mswahili lina maana mbili zinazokaa nyumba moja: ni maelekezo ya mali, lakini pia ni maneno ya kuusia, yale ambayo mzazi humwambia mwanawe anaposafiri au binti anapotoka kwao kwenda kuolewa. Mtu huusia akiwa hai na anayeusiwa husikiliza. Kipeperushi chetu kiliyaruka maneno kikakimbilia mali.

Jambo hili limepimwa mbali na kwetu. Mwaka 2013 nchini Uingereza yalichapishwa matokeo ya jaribio la Behavioural Insights Team, kikosi kinachochunguza jinsi watu wanavyofanya maamuzi, na Co-operative Legal Services, kampuni iliyokuwa ikiwaandalia watu wosia kwa njia ya simu. Kati ya wateja ambao hawakuulizwa lolote kuhusu misaada, asilimia 5 tu ndio walioacha chochote kwa shirika la hisani. Walioulizwa waziwazi kama wangependa kuacha fedha kwa shirika la hisani walifika asilimia 10.4. Kundi la tatu lilielezwa kwanza kwamba wateja wengi hupenda kufanya hivyo, kisha likaulizwa kama kuna mambo ya hisani yanayowagusa kwa dhati; hao walifika asilimia 15.4. Mazingira ya Uingereza si yetu, na sitarajii tarakimu hizo zijirudie hapa Mombasa, Kisauni au Likoni. Kinachonivutia ni kwamba swali lililofanya kazi zaidi lilimrudisha mtu katika maisha yake na mambo anayoyapenda.

Kwa hiyo siku hizi hatuanzi na karatasi. Tunampigia mfadhili simu kumshukuru, tunamwuliza ilikuwaje hata akaanza kutusaidia, kisha tunanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kazi ngumu kuliko zote kwa mchangishaji. Atakusimulia juu ya mama yake aliyefungwa macho na mtoto wa jicho wakati daktari alikuwa mbali na nauli haikuwapo, au mwalimu wake wa chuo cha Kurani aliyeendelea kusomesha kwa kuhifadhi baada ya herufi kumpotea. Baada ya masimulizi ya namna hiyo, unaweza kumweleza bila kuona haya kwamba wapo wafadhili wanaoiandikia zahanati sehemu ndogo katika wosia wao, kwa kuwa sentensi hiyo imepata mahali pa kukaa. Hatumwulizi ni kiasi gani, wala hatumwulizi kama ameshaandika.

Swali linalofuata karibu kila mara linahusu watoto, na hapa ndipo ninapotofautiana na wachangishaji wanaolikwepa. Mimi hulitaja kabla sijaulizwa. Kwa Mwislamu, mpaka unajulikana: baada ya gharama za maziko na madeni, wosia kwa asiye mrithi hauvuki thuluthi ya mali isipokuwa warithi waridhie. Sahaba Saad bin Abi Waqqas alipotaka kutoa zaidi, Mtume alimwambia kwamba thuluthi inatosha na thuluthi ni nyingi, na kwamba kuwaacha warithi wakiwa na uwezo ni bora kuliko kuwaacha wakiwaombaomba watu. Nimegundua kwamba nikiyakumbusha maneno hayo mbele ya mfadhili, mabega yake hushuka, kwa sababu amejua kwamba sikuja kushindana na wanawe. Kwa wafadhili wanaofuata Sheria ya Urithi ya Kenya uhuru wa kugawa ni mpana zaidi, lakini wategemezi waliosahauliwa wanaweza kwenda mahakamani kudai fungu la kuwatosha, na sioni heshima yoyote kwa zahanati kupokea fedha ambazo mjane anazililia. Ushawishi wa kodi ambao wenzetu wa Uingereza wanautumia sana, kwamba anayeachia hisani sehemu ya kumi ya mali yake hupunguziwa kodi ya mirathi kutoka asilimia 40 hadi 36, hapa hauna maana, kwani Kenya iliifuta kodi ya mirathi mwaka 1982.

Wapo pia wanaosema kwamba hawataki kungoja, na hao mimi huwaeleza kuhusu wakfu, ambao pwani hii iliujua kabla ya semina zote: mali ikishawekwa wakfu haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi, na manufaa yake huenda pale mwenyewe alipopataja. Mtu mwenye chumba kimoja cha duka anaweza kukiweka wakfu leo na kodi yake ya pango ikalipia miwani ya watoto huku yeye anaona. Kwa wengi wa wafadhili wetu hiyo ndiyo sadaka ya kuendelea, na sihitaji kuitafutia jina jipya la kibiashara.

Yale ya kiufundi huachiwa wakili, ila mambo machache huyasema mwenyewe. Kiasi kilichotajwa kwa shilingi huliwa na wakati. Aliyeandika shilingi elfu kumi mwaka 1985 aliandika fedha za haja, na leo hazifiki mbali. Fungu la kile kitakachobaki, hata likiwa moja kwa ishirini, hukua au kupungua pamoja na mali yenyewe, wala haliwapokonyi warithi kiasi kilichowekwa wakati mambo yalikuwa mazuri. Jina kamili la taasisi kama lilivyosajiliwa liandikwe, maana "hospitali ya macho ya Mombasa" linaweza kudaiwa na wawili. Sheria inataka mashahidi wawili au zaidi, na sisi tumejiwekea kanuni kwamba mfanyakazi wetu hashuhudii, hachagui wakili, hakai chumbani mtu anapoandika. Kanuni iliyo kali zaidi inahusu mgonjwa: aliye kitandani hatumtajii wosia kamwe, hata akiwa rafiki, hata akianza mwenyewe tunamwomba ayazungumze na jamaa zake. Fiqhi yenyewe, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, huitazama kwa jicho la tahadhari zawadi ya mtu aliye katika maradhi ya mauti na kuihesabu ndani ya thuluthi, na nadhani waliofikiri hivyo waliwajua watu kama sisi.

Kilichobaki ni bodi, inayotaka kuona mavuno kabla ya mwaka wa fedha kufungwa, ilhali kazi hii huenda ikazaa matunda wakati mimi nimeshastaafu. Tumeafikiana kwamba ahadi za wosia ziandikwe katika daftari la peke yake na zisihesabiwe kuwa mapato, na kwamba nipimwe kwa mazungumzo niliyoyafanya. Kipeperushi kipya kina picha ya bibi akitia uzi kwenye tundu la sindano, na swali moja: "Ni jambo gani ungependa liendelee?" Yule mzee alichukua nakala mbili, akasema moja ni ya mwanawe. Sikumwuliza zaidi. Nakala za jua linalozama tulizikata vipande vya kuandikia namba za wagonjwa, na upande wa picha tunaugeuza chini.