Midomo ya Shaba

Aliyegundua ugonjwa wa lile gari ni mama yangu, ambaye hajawahi kushika spana.

Ilikuwa 2006. Nilikuwa na miaka 19, mwaka wa pili nikijifunza kazi kwa Baba Mdogo, komini ya Kenya, mtaa na si nchi, hapa Lubumbashi, Kongo. Tulipaita garaje, lakini palikuwa uwanja wa udongo mwekundu wenye mwembe mmoja, shimo moja la kuingia chini ya magari, na kontena tulilolitoboa mlango. Usiku vyombo vililala humo, na mimi nililala navyo zikifika zamu zangu.

Mwezi wa tano mzee mmoja akatuletea Datsun 240Z, ikivutwa kwa kamba nyuma ya Hiace. Watoto wa barabara nzima walikuja wakiikimbilia. Usukani ulikuwa kulia, maana gari lilitoka Zambia. Lilikuwa na pua ndefu, paa linaloteremka taratibu hadi nyuma, kisha mkato wa ghafla kama mkate uliokatwa kwa kisu. Zamani rangi yake ilikuwa ya machungwa. Siku ile ilikuwa ya pilipili iliyosahauliwa juani.

Mzee alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye migodi ya upande wa Kitwe, akastaafu, akarudi nyumbani na gari hilo badala ya ng'ombe. Kila alipokuja kutazama kazi alituhadithia upya kwamba 240Z ilishinda Safari Rally ya 1971, ikarudi ikashinda ya 1973, kwenye tope la Afrika Mashariki, mbele ya magari ya Wazungu yenye sifa zao. Alisimulia kama vile yeye ndiye aliyekuwa ameshika ramani. Na injini aliijua: silinda sita kwenye mstari mmoja, lita 2.4, kabureta mbili. Tuliifungua, tukabadilisha mipira na gasketi, ikawaka wiki ya tatu. Sehemu hiyo ya kazi sina la kuisema zaidi, ilikwenda kama zinavyokwenda nyingine.

Matata yalianza na eshapema. Majirani zetu wa Tanzania wanasema ekzosi. Sisi tulichukua la Wafaransa tukalipika upya. Ya Mzee ilikuwa imeoza hadi ukiibonyeza kwa kidole inashuka unga. Baba Mdogo akaunga bomba jipya la chuma, akapata silensie, kile kizuia kelele, iliyotoka kwenye gari jingine, akaniachia mwisho wake. Mzee alitaka midomo miwili, ubavu kwa ubavu, na aliitaka ya shaba.

"Tunaishi Lubumbashi," alisema. "Mutu atapita na kromu ya Japani mbele ya ile shimini?"

Akaonyesha kwa kidevu upande wa bomba kubwa la moshi la Gécamines, kampuni ya migodi, na kilima chake cheusi cha takataka za shaba, ambavyo huku hata mtoto akichora nyumba yao anavichora nyuma yake. Sikuwa na jibu.

Baba Mdogo aliniambia neno moja kabla hajaondoka kwenda Likasi kutafuta vipuri: "Urefu uache vile uko." Hakuongeza. Mafundi wa umri wake hawakuwa na desturi ya kueleza. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa ulete spana ya 13.

Nikaenda Katuba kwa fundi wa shaba, mmoja wa wale wanaogonga bati la shaba kutoka nyuma hadi zitokeze picha: swala, mama anayetwanga, mtumbwi. Alinitazama kama mtu aliyeombwa kushona suruali ya mbwa, halafu akacheka na kukubali. Nilikaa naye siku nzima, na ile siku ningeweza kuichora hadi leo. Alikata bati la milimita moja, akalitia motoni hadi likawa jekundu kabisa, akalitumbukiza kwenye ndoo. Fyuuu. Chuma cha patasi ukikifanyia hivyo kinakuwa kigumu. Shaba inalainika, unaikunja kama ngozi. Akaizungusha kwenye kipande cha reli, akigonga kwa nyundo ya mti, pigo jepesi, pigo jepesi, huku akiigeuza kwa vidole. Baada ya mapigo mia hivi shaba ilianza kukaidi. Akairudisha motoni. Mara nne aliirudisha. Mwishoni akaukunja ukingo kwa nje kama mdomo wa chungu, na kuuzunguka wote akachonga swala wadogo wanaokimbia, kila mmoja si mkubwa kuliko ukucha wa kidole gumba. Sikumwomba swala.

"Rangi hii haitakaa," alinionya. "Shaba inakubali moto, lakini inabadilika. Itakuwa ya zambarau, kisha kahawia, kisha nyeusi. Muambie asikasirike. Ndimu na chumvi."

Kuiunga na bomba la chuma nilifanya mwenyewe kwa shalumo, ule mwali wa gesi wa kuungia, fimbo ya shaba ya njano na unga wa boraksi. Shaba nyekundu inayeyuka kwenye digrii 1,085, na ile fimbo karibu na 900. Katikati hapo ndipo unapofanyia kazi. Ukigeuka kumjibu mtu salamu, mdomo umedondoka chini ukawa kitonge. Sikumjibu mtu salamu.

Ilipofika kuifunga chini ya gari nikaona bomba limechomoza nje ya parshoku, yaani bampa, karibu sentimita kumi. Machoni mwangu ilikuwa aibu. Nilikuwa nimeona picha kwenye gazeti la magari, midomo imekaa sawasawa na mwili, kama meno yaliyopangwa. Nikachukua msumeno wa chuma, nikazipunguza zile sentimita kumi, nikaunga tena. Baba Mdogo alikuwa bado Likasi.

Mzee alipoiona alinyamaza. Alipiga magoti kwenye udongo na suruali yake ya kanisani, akawahesabu swala. Jumapili akamchukua mkewe wakaenda Kipushi kumsalimia shemeji, kama kilomita 30.

Jumatatu walirudi wote wawili, mkewe amefunga kichwa kwa kitambaa. Alikuwa ametapika mara mbili njiani. Mzee alidai ni samaki wa shemeji. Mkewe alisema samaki wale walikula wote, na waliobaki Kipushi hawakuumwa na kitu. Mimi nikajitolea kupanda na Mzee tukalijaribu gari, nikijua kwamba kosa halikuwa la kazi yangu. Tulishika njia ileile. Ilikuwa kiangazi, vumbi jekundu limesimama juu ya barabara, kwa hiyo tulipandisha vioo. Baada ya dakika ishirini hivi nikaanza kusikia kichwa kinabana kwenye paji. Nikasema nishushe kioo nipate hewa. Nikakishusha, na harufu ya moshi ikazidi. Nilidhani pua inanidanganya. Nikakipandisha, harufu ikapungua, nikakishusha, ikarudi.

Kurudi sikukumbuka vizuri. Mzee alinishusha nyumbani, nikaketi kwenye kizingiti nimeshika kichwa kwa mikono miwili. Mama alikuwa anasonga bukari. Aliacha mwiko ndani ya sufuria, jambo ambalo hafanyi.

"Kichwa inauma hapa na hapa?"

"Ndiyo, Mama."

"Na roho inachafuka? Na magoti iko kama maji?"

"Ndiyo."

"Ulilala na mbabula fasi gani?"

Asiyejua Lubumbashi mwezi wa sita nimweleze. Usiku baridi inashuka chini ya digrii 10, na nyumba hazina cha kupashia joto isipokuwa mbabula, jiko la makala, yaani makaa. Watu wanaliingiza chumbani, wanafunga mlango na dirisha, na kuna asubuhi ambazo mlango hufunguliwa na majirani. Kila familia ninayoijua ina mtu wake. Sisi tulikuwa na dada yake Mama. Kwa hiyo Mama ule ugonjwa aliutambua kabla sijamaliza kujibu. Nikamwambia sikulala na mbabula, nilikuwa ndani ya gari.

"Basi ndani ya ile gari kuko mbabula," akasema, akarudi kwenye bukari yake.

Nililala macho wazi. Moshi wa makala na moshi wa injini ya petroli vina hewa moja ndani yake, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Tulichokinusa kilikuwa petroli isiyoungua iliyofuatana nayo. Hewa hiyo inashika damu mahali pa oksijeni na haiachii upesi. Na injini ile ilikuwa inakula petroli kupita kiasi. Lubumbashi iko juu, karibu mita 1,200, hewa ni nyepesi, na kabureta ambayo haikurekebishwa kwa hewa ya hapa inamimina petroli nyingi mno. Lakini ilikuwa inapitia wapi? Bomba lilikuwa nyuma, nje, nililiunga mimi.

Baba Mdogo alirudi kutoka Likasi Jumanne. Alizunguka nyuma ya gari, akaitazama midomo iliyokaa kama meno yaliyopangwa, akaniangalia. Hakunitukana. Alifungua mlango wa nyuma, ule unaonyanyuka kama kifuniko cha sanduku, akanivuta shati.

"Tazama."

Kwenye zulia la ndani, nyuma ya viti, vumbi lilikuwa limechora mstari mwekundu. Lilifuata ukingo wa mpira wa mlango kama mtu aliyepita na chaki, na kwenye kona mbili lilikuwa limemwagika kwa wingi, rundo dogo kila upande. Vioo vilikuwa juu, milango imefungwa, na bado lilikuwa limeingia kwa nyuma.

Usiku tulifanya lile tendo la watoto: mimi ndani, nimelala nyuma ya viti, mlango umefungwa, yeye nje na tochi. Kila mahali mwanga ulipochungulia niliweka alama kwa chaki. Kona zote mbili za mpira. Tundu la nyaya za taa ya nyuma. Kizibo kimoja cha sakafuni ambacho hakikuwepo tena. Nilihesabu alama saba.

Halafu, kwa mara ya kwanza, Baba Mdogo alieleza, kwa ufupi kama anayelipia kila neno. Gari likikimbia linapasua hewa na kuacha pengo mgongoni. Hewa inarudi kujaza pengo, na kwenye gari lenye mgongo wa kukatwa kama huu inajiviringisha palepale nyuma ya mlango, na kila kilichomo kinazunguka nayo, vumbi au moshi. Bomba refu linautupa moshi nje ya mzunguko huo. Langu liliumwaga katikati. Na kioo cha mbele ukikishusha, upepo unaopita unanyonya hewa ya ndani, na ya kuziba nafasi yake inaingia kwa nyuma. Tulipokuwa tunatafuta kupumua, tulikuwa tunauita moshi.

"Ungeniambia," nikasema.

"Nilikuambia urefu uuache."

Hapo alikuwa na haki yake, ingawa mpaka leo naona maneno mawili zaidi yasingemfilisi.

Tukakata kazi yangu. Safari hii mabomba yalipita parshoku kwa sentimita kumi na tano, na ncha zilikatwa mshazari zitazame chini. Kona za mlango tukavisha mpira mpya tulioukata kwenye mlango wa Hiace, nyaya tukazizungushia mpira, kizibo nikakichonga kutoka kwenye kandambili. Kabureta tulizibana zisimimine ovyo. Shaba nilirudi nayo Katuba, na bei ya bati jipya ilitoka kwenye posho yangu ya mwezi wa sita na ya saba. Fundi alinipa swala walewale, bila kuulizwa na bila kuuliza.

Mzee alipanda mwenyewe kwanza, akaenda Kipushi, akarudi akiimba. Mkewe hakutosheka na wimbo. Alikuja garajeni na leso nyeupe iliyopigwa pasi, akaniamuru nifungue mlango wa nyuma, akaipitisha polepole kwenye ukingo wote, kona hadi kona. Akaiinua juani. Ilikuwa na wekundu kidogo sana, kama poda.

"Tutaangalia tena nikirudi," akasema, akaikunja, akaifunga ndani ya kitenge, akaingia.

Waliondoka vioo juu. Midomo ilikuwa imeshaanza kugeuka zambarau kwenye ncha, na kwa kuwa ilitazama chini, hakuna aliyeweza kuwaona swala akiwa amesimama. Watoto wa barabara walikimbia nyuma ya gari wakiwa wameinama, mikono magotini, vichwa karibu na udongo.