Hadithi yangu ya kwanza ilifungiwa vitumbua

Mambo zenu jamani. Wiki iliyopita kuna mdogo wangu mmoja yuko form two kanitumia meseji, shikamoo dada, eti ulianza kuandika ukiwa na miaka mingapi na ulifanyaje ukaacha kujiona hufai, maana na mimi nina kahadithi kangu naona kabaya. Nikasema ntamjibu usiku nikitulia. Usiku ukafika nikaandika mistari mitatu nikafuta, kesho yake hivyo hivyo, keshokutwa nikaanza upya nikafuta tena, mpaka nikacheka mwenyewe, yaani mtu anaulizwa aliachaje kujiona hufai na anashindwa kujibu kwa sababu anaona jibu lake halifai. Basi nikaona bora nimwage yote hapa, atasoma akitaka.

Nilianza nikiwa darasa la tano, nakaa kwa mama mdogo Kirumba, Mwanza, zile nyumba za juu kwenye mawe ambazo ukitumwa chumvi unashuka kama mbuzi na ukirudi unahema kama umefukuzwa. Daftari lenyewe halikuwa langu. Kaka yangu binamu alikuwa amemaliza form four akaacha kaunta buku ya kemia ya kwaya mbili, nusu ya mbele kaandika, nusu ya nyuma nyeupe kabisa, mimi nikaigeuza nikaanzia nyuma. Hadithi yenyewe ilihusu msichana anaitwa Rehema anaishi Masaki kwenye ghorofa lenye geti jeusi. Dar nilikuwa sijafika hata kwa ndoto, ila magazeti ya hadithi yaliyokuwa yanazunguka mtaani kwetu yote watu wake wanaishi Masaki, nikajua ndo sheria.

Muda wa kuandika ulikuwa unategemea mwezi. Baba mdogo alikuwa anavua dagaa Igombe, na wale mnaotoka huku mnajua dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, wakati wa giza, mbalamwezi ikiwaka taa haivuti kitu kwa hiyo wavuvi wanarudi nyumbani wanapumzika na kushona nyavu. Kwa hiyo siku za giza meza ya sebuleni ilikuwa yangu, naandika mpaka mama mdogo anapiga kelele zima hiyo taa. Mbalamwezi ikifika baba mdogo yuko nyumbani, nyavu zimejaa sebule nzima, redio iko juu, hakuna cha Rehema wala nani. Mpaka leo nikipitisha wiki bila kuandika, kwetu wananitania, vipi, mbalamwezi?

Sasa mama mdogo alikuwa anauza vitumbua mwaloni, pale Kirumba, soko la dagaa lile ambalo wafanyabiashara wanatoka mpaka Kongo, Rwanda na Burundi kufuata mzigo. Na kitumbua cha mwaloni kinafungiwa karatasi. Siku moja narudi shule, kaunta buku haipo. Nauliza, mama mdogo ananijibu bila hata kugeuka, lile la kemia? Si la zamani lile, nimechukua la kufungia. Kwa upande wake alikuwa sahihi kabisa, ukilifungua kwa mbele ni kemia tupu. Alikuwa ameanza kuchana kwa nyuma.

Nililia usiku kucha, na kulia kwenyewe ni kwa siri maana hakuna aliyejua kuna nini nyuma ya kemia. Kesho yake mama mdogo anarudi na stori, leo nimepata kichaa, kuna babu mmoja kuli wa magunia kaja na karatasi ina mafuta ananiuliza, mayu, huyu Rehema alimkuta nani? Namwambia mimi simjui Rehema, ananikazania, kafungua mlango, imeandikwa akafungua mlango akamkuta, sasa alimkuta nani? Nikajua amelewa.

Mimi pale nimeshika sufuria, miguu imeisha nguvu.

Jumamosi nikabeba ndoo ya vitumbua kwenda kumsaidia, makusudi. Babu yule akaja, mfupi, mabega yametuna, chumvi ya dagaa imemkauka shingoni. Nikaamkia shikamoo babu, alafu nikasema kwa sauti ya kufa mtu kwamba ile karatasi niliandika mimi. Hakushangaa wala hakusifia. Akakaa kwenye gunia akasema haya endelea. Ukurasa uliofuata ulikuwa umeshaondoka na kitumbua cha mtu mwingine, na hofu ilivyonishika sikukumbuka hata neno, nikabuni palepale, nikasema alimkuta mama yake wa kambo anahesabu hela. Babu akatafuna akafikiri akasema hapana, ng'wanawane, juu umeandika mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, kama mama wa kambo yumo na kajifungia, Rehema kaufunguaje kwa nje?

Nilikuwa sijawahi kufikiria swali kama hilo. Nikarudi nyumbani nikakaa na ule mlango wiki nzima. Nimehudhuria semina za uandishi mbili tatu baada ya hapo, nimekaa kwenye viti vya plastiki nimeandika notsi, na sijapata somo lililozidi la yule babu. Hakuniambia nina kipaji wala sina. Alitaka kujua kilichofuata, basi, na hakukubali nimdanganye.

Ingekuwa vizuri niseme kuanzia hapo nilijiamini. Wapi. Form two kuna mwalimu alisoma insha yangu mbele ya darasa, nikaanza kutabasamu, alafu akanisimamisha akauliza umenakili wapi. Nikasema sijanakili. Akasema mtoto wa kidato cha pili haandiki hivi, kaa chini. Kilichoniuma siyo darasa kucheka, watoto wanacheka chochote. Kilichoniuma ni kwamba nilianza kumwamini. Nilifika nyumbani nikatoa magazeti yote ya zamani yaliyokuwa chini ya godoro nikawa natafuta ile sentensi yangu, nikijua kabisa nimeitunga mwenyewe njiani natembea, lakini natafuta, labda niliiona sehemu nikasahau. Sikuipata na bado sikuamini. Nikaacha kuandika karibu miaka minne.

Nilirudi baada ya form six, ile miezi ya kusubiri matokeo, kwa sababu ya uvivu tu na bando la usiku. Nikawa naposti Facebook kipande kwa kipande, hadithi ya mapenzi, na bado watu wangu wanaishi Dar, sijajifunza. Kulikuwa na sehemu mkaka na mdada wanapanda pantoni Kigamboni kuja mjini, wanagombana, dada analia, wananunua samaki wa kukaanga wanakula, wanapatana, mkaka anatoa pete. Sura nzima! Nilikuwa naringa nayo. Akaja mtu wa Dar akaandika, dada, pantoni ya Kigamboni dakika kumi haziishi ushafika, hao wamekula samaki saa ngapi? Vicheko chungu nzima chini yake.

Nilitaka kufuta akaunti kabisa. Ila kaa ufikirie, kosa lilitoka wapi? Pantoni niliyoijua mimi ni ya Kigongo kwenda Busisi, ile tuliyokuwa tunavuka kwenda kwa bibi Sengerema. Pale foleni ya magari peke yake unaweza kugombana, ukaachana, ukaolewa na mtu mwingine. Chombo chenyewe nusu saa majini, wauza samaki, mahindi, mayai, mtu anahubiri, mbuzi amefungwa kwenye boksi ya nyuma ya gari. Sura yangu ilikuwa sahihi kasoro nimeiweka kwenye maji ya watu. Nikaihamisha ikaenda Busisi na sikubadilisha hata maneno ishirini, na huo ndo ukawa mwisho wa Masaki kwenye maandishi yangu. Maji yenye urefu wa ugomvi wangu yako huku.

(Na sasa limejengwa daraja, kilomita 3, limefunguliwa Juni 2025, unavuka kabla wimbo haujaisha. Nafurahi kwa ajili ya wagonjwa waliokuwa wanakwama pale usiku, kabisa nafurahi, ila kama mwandishi nimepata hasara, inabidi niandike mwaka juu ya sura.)

Kuna stori nyingine watu wa kanda hii tunapenda kupeana kama moyo, ya mzee Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe. Alizaliwa 1896, akaandika riwaya ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe, akaimaliza 1945, hakupata wa kuichapa. Akaja kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, neno kwa neno, na umri umeenda na ugonjwa wa viungo unamsumbua. Kitabu kikachapwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, yeye akafariki 1981 kabla hajakishika mkononi. Mtu akimaliza kusimulia hivyo anakuangalia, unaona? usikate tamaa! Mimi kiukweli hiyo stori hainipi moyo hata kidogo, inanitisha. Miaka 35! Nilipoisikia mara ya kwanza nilikuwa kwenye meli narudi kutoka Nansio, hukohuko Ukerewe, na safari ile ina masaa ya kutosha kuwaza ujinga, nikawa nawaza yule mzee alikuwa anajisemeaje mwaka wa ishirini, anafungua sanduku anaangalia makaratasi, anayafunga.

Ila kitu kimoja kimenikaa. Kazi ile aliifanya mara mbili. Mara ya kwanza kwa lugha ya nyumbani kwao kwa sababu hakutaka maisha ya Wakerewe yapotee, na mara ya pili akairudia yote kwa lugha nyingine. Mtu anayerudia kitabu kizima kile sidhani kama alikuwa amemaliza kujitilia mashaka, nahisi alikuwa na haraka ya kitu kingine kilichozidi mashaka. Na kisiwa hichohicho ndo alikozaliwa Euphrase Kezilahabi, kijiji cha Namagondo, 1944, na riwaya yake ya kwanza ikatoka 1971 akiwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu. Kwa hiyo mdogo wangu unaponiuliza miaka mingapi, sina namba ya kukupa, kisiwa kimoja tu kina majibu mawili.

Kujiona hufai mimi sijaacha. Ushahidi huu hapa. Ile tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo washindi wake wa mwanzo walitangazwa Aprili 2023 na wa kwanza anapewa milioni 10, mimi nilikuwa na mswada. Umekamilika. Nimeuchapa stationary moja hapo mjini, nimelipa, nimeuweka kwenye bahasha ya kaki. Siku ya mwisho ikapita bahasha iko juu ya kabati. Nikawaambia watu nilikuwa naumwa, na wala sikuwa naumwa, nilifungua ukurasa wa kwanza kuangalia mara ya mwisho nikaona neno "ghafla" mara tatu kwenye aya moja nikaishiwa nguvu. Ghafla tatu! Zingefutwa kwa kalamu.

Tangu siku hiyo nina kamtindo. Siku ya kuandika sisomi nilichoandika jana zaidi ya aya ya mwisho, ili tu nijue nimeishia wapi. Kusahihisha kuna siku yake, na siku hiyo siandiki kitu kipya, nakaa na kalamu nyekundu nakuwa yule babu, mlango umefungwa kwa ndani au kwa nje, huyu kala saa ngapi, pantoni dakika ngapi. Nikichanganya hizo kazi mbili siku moja sitoki. Na siwapi marafiki zangu wasome eti waniambie kama ni nzuri, maana ni marafiki, watasema nzuri. Natuma nusu. Nakata pale pabaya, nakaa kimya. Mtu akinitafuta mwenyewe kuuliza, we, ikawaje, najua kuna kitu. Asiponitafuta siku tatu narudi mezani, inauma kidogo ila haiui.

Mdogo wangu, kwa hiyo nitumie hako kahadithi ulikosema kabaya. Usikasafishe. Ila kata katikati, ukurasa mmoja tu, kama nimenunua kitumbua.

Babu yule sikumuona tena baada ya mimi kwenda bweni, mama mdogo alisema amerudi kwao Magu, na vitumbua siku hizi vinafungiwa mifuko. Mwaka jana nilimwandika, nikampa jina lingine na mabega yaleyale. Rehema mwenyewe nimemuanza upya, hayuko Masaki tena, yuko hapa Kirumba juu, hakuna geti, kuna mawe. Nimefika palepale kwenye mlango. Umefungwa kwa ndani, yeye yuko nje ameshika kitasa, na mimi nina wiki ya pili hapo.